PIKIPIKI INAPOSITA: TUTAFUTE CHANZO KABLA YA KUMTAFUTA MWIZI

Miongoni mwa vyombo vilivyoingia katika nyumba zetu na kukubaliwa kama jamaa, pikipiki imeshika nafasi ya mbele. Zamani askari aliyepata likizo alirejea kwao na baiskeli au redio. Siku hizi wengi huiweka akiba yao katika pikipiki, wakaikabidhi kwa kijana wa kuaminika, nayo ikaleta chumvi, sabuni na karo ya watoto wakati mwenyewe yuko kazini mbali. Biashara hii ya bodaboda ilianzia mpakani Busia katika miaka ya 1960, wakati baiskeli zilipowachukua abiria kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, na jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Baiskeli zimeipisha pikipiki, lakini shabaha imebaki ile ile: kumfikisha mtu aendako na kumlisha mwenye chombo.

Basi chombo kinacholisha nyumba kikiugua, nyumba nzima huugua. Leo napenda kuzungumza nanyi, ndugu wasomaji, juu ya ugonjwa mmoja tu ambao nimeuona mara nyingi hapa Mpumudde, nao ni ule wa injini kusita. Mwendeshaji huzungusha mkono wa mafuta ili aondoke, na badala ya kwenda, pikipiki hunyamaza kitambo, ikakohoa mara moja au mbili, kisha ikaruka mbele kwa ghafula kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Pengine huzimika kabisa.

Asiyeendesha huenda akaliona jambo hili dogo, lakini si dogo hata kidogo. Sisi wa Jinja tunaishi kando ya barabara kuu inayotoka Kampala, ikavuka Mto Nile kwa daraja jipya lililofunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018, kisha ikaelekea Iganga na mpakani. Humo hupita malori ya miwa, malori ya mizigo ya kutoka bandari ya Mombasa, na mabasi yasiyopenda kupunguza mwendo. Mwendeshaji anayeingia barabara hiyo hupima nafasi kwa jicho, akaamua kwenda. Ameamua kwa kutegemea kwamba injini itamtii. Injini ikisita sekunde mbili, yeye na abiria wake, aghalabu mama mwenye mtoto mgongoni, wamesimama katikati ya njia ya lori. Ndiyo maana nasema ugonjwa huu usiachwe kwa kusema, "Imezoea hivyo hivyo."

INJINI HUVUTAJE PUMZI?

Hatuwezi kumtibu mgonjwa ambaye hatujui anavyopumua. Pikipiki nyingi zilizoko kwetu, na hata zile za magurudumu manne ambazo watalii huziendesha vijijini upande wa Bujagali, zina injini ya mipigo minne. Namna hiyo ya injini ilitengenezwa Ujerumani na Nikolaus Otto mwaka 1876, na tangu siku hiyo kanuni yake haijabadilika. Katika mpigo wa kwanza pistoni hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Katika wa pili hupanda na kuubana mchanganyiko huo. Katika wa tatu plagi hutoa cheche, mchanganyiko ukawaka na kuisukuma pistoni chini. Huu ndio mpigo pekee unaotupa nguvu. Katika wa nne pistoni hupanda tena na kuutoa moshi nje.

Anayechanganya hewa na petroli ni kabureta. Hewa hupita katika koo lake jembamba kwa kasi, na kasi hiyo hupunguza mgandamizo pale kooni, petroli ikafyonzwa kutoka katika kibakuli cha chini kupitia vitundu viitwavyo jeti. Kuna jeti ndogo, inayolisha injini inaponguruma polepole na mkono wa mafuta unapoanza kufunguliwa, na kuna jeti kubwa, inayolisha injini inapokwenda kwa nguvu. Katikati yao kuna kizibo chenye sindano ambacho hupanda na kushuka. Kwa uzani, petroli kilo 1 huhitaji hewa ya kiasi cha kilo 15 ili iungue vema. Hewa ikizidi, mchanganyiko huwa mwepesi, injini ikasita na kukohoa. Petroli ikizidi, mchanganyiko huwa mzito, injini ikalegea na kutoa moshi mweusi.

Sasa tazama linalotokea mwendeshaji anapofungua mafuta kwa ghafula. Hewa ni nyepesi, nayo hukimbilia ndani mara moja. Petroli ni nzito zaidi, huchelewa kidogo. Kabureta iliyo nzima imeundwa kuliziba pengo hilo, na mpanda pikipiki asitambue chochote. Lakini jeti ndogo ikiwa imeziba nusu, au hewa ya wizi ikiwa inaingia mahali pasipo pake, pengo hilo huwa kubwa, na huko ndiko kusita kwenyewe.

HABARI YA JIRANI MMOJA

Mwaka 2023 mama mmoja wa mtaani kwetu, ambaye mumewe alikuwa Somalia pamoja na majeshi ya Umoja wa Afrika, alikuwa na pikipiki aliyomkabidhi kijana wa ukoo. Mapatano yao yalikuwa kijana alete shilingi 10,000 kila jioni. Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Baadaye fedha zikaanza kupungua. Leo 8,000, kesho 6,000. Kijana alisema pikipiki imeanza kunywa mafuta na tena inasita kwenye njia panda. Mama alisikia, lakini moyoni alianza kuamini kwamba petroli ile ilikuwa ikinyonywa na kuuzwa katika chupa.

Fundi mmoja aliitazama kwa dakika chache akasema kabureta imekufa, inunuliwe mpya. Fundi wa pili akasema injini yote ifunguliwe. Mama hakuwa na fedha ya kumpa huyu wala yule, na kwa simu mumewe alimwambia auze pikipiki hiyo kwa bei yoyote. Wakati huo huo kijana aliponea chupuchupu: aliingia barabara kuu akiwa na abiria, injini ikasita, na lori la miwa likampita karibu kiasi cha kumrushia vumbi machoni. Jioni hiyo hakuleta hata senti moja. Kwa mama huo ulikuwa ushahidi wa mwisho. Alikuwa tayari kumpeleka polisi.

Mimi hutumia pikipiki katika kazi yangu ya kuzungukia shule, na huisafisha mwenyewe. Kwa sababu hiyo mama alinijia akasema, "Mwalimu, kabla sijamshtaki mtoto wa watu, njoo uitazame." Tuliitazama Jumamosi asubuhi, watatu sote, yeye mama akiwa amekaa juu ya kigoda ili asije akadanganywa na mtu.

Katika masomo ya cheti cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu hutoka katika jambo jepesi akaelekea lililo gumu, na katika linalojulikana akaelekea lisilojulikana. Kanuni hiyo inafaa kwa pikipiki vile vile. Tulianza na yasiyogharimu kitu.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, petroli yenyewe. Chota kidogo katika chupa nyeupe ya kioo, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yakiwamo yatakaa chini na utauona mstari unaoyatenga. Petroli ya chupa za kando ya njia huweza kuwa na maji au uchafu, hasa nyakati za mvua. Kisha tazama kifuniko cha tangi. Kina kitundu cha kupumulia. Kikizibwa na matope, petroli hushindwa kushuka baada ya mwendo wa dakika kadhaa, injini ikafifia. Dalili yake ni kwamba ukifungua kifuniko husikia hewa ikifyonzwa, na pikipiki hupona kwa muda. Chomoa pia bomba la petroli uone kama inashuka vizuri kwenye chupa. Kwa pikipiki ya jirani yetu haya yote yalikuwa salama.

Pili, chujio la hewa. Wakati wa kiangazi vumbi la murramu hulijaza chujio upesi. Chujio lililoziba huzuia hewa, mchanganyiko ukawa mzito. Lile la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, likakaushwa kivulini na kupakwa mafuta kidogo. Lile la karatasi hukung'utwa au kubadilishwa. Wako wanaoliondoa kabisa wakidhani injini itapumua vema. Hilo ni kosa kubwa. Vumbi litaingia katika silinda na kuisaga pistoni kama jiwe la kusagia, na tena hewa itazidi kipimo, injini ikasita zaidi.

Tatu, waya wa mkono wa mafuta. Zungusha polepole. Ulegevu wa milimita 2 au 3 kabla waya haujaanza kuvuta unatosha. Ukilegea sana, mkono huzunguka bure kwanza ndipo injini ijibu, na watu wakaita jambo hilo kusita. Ukikwama kwa kutu, mafuta hufunguka kwa kuruka. Tone la mafuta na kukaza nati moja huweza kumaliza shauri zima.

Nne, plagi. Ifungue injini ikiwa imepoa, usome rangi yake. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeupe kama majivu huonyesha kwamba hewa inazidi. Nyeusi yenye masizi makavu huonyesha petroli inazidi. Iliyolowa mafuta mazito huonyesha kwamba mafuta ya injini yanapanda kwenye silinda, na huyo ni mgonjwa wa fundi mkubwa. Nafasi ya cheche katika pikipiki nyingi ndogo ni baina ya milimita 0.6 na 0.8, kitabu cha pikipiki yako kitakuambia hasa.

Hapa ndipo tulipopata kitendawili. Plagi ya jirani yetu ilikuwa nyeusi tititi, maana yake petroli inazidi. Lakini injini inayosita na kukohoa mkono unapofunguliwa aghalabu ni ile inayokosa petroli. Mambo mawili haya hayakupatana. Nikamgeukia kijana nikamwuliza, "Ukiwa njiani, unafanya nini ili iende?"

Akajibu kwa haya, "Mwalimu, mimi huiacha choki nusu. Nikiifunga haiondoki."

Jibu hilo lilikuwa ufunguo. Choki kazi yake ni kuongeza petroli injini ikiwa baridi. Ikiwa injini iliyopata moto hukataa kwenda bila choki, basi inakosa petroli au inavuta hewa ya ziada. Kijana alikuwa ameziba upungufu mmoja kwa kuzidisha mahali pengine. Alipotoka kwenye njia panda choki ilimsaidia. Lakini kutwa nzima, katika mwendo wa kawaida, ilimwaga petroli bure na kuipaka plagi masizi. Nikamwambia mama, "Petroli yako haikuuzwa. Imepita kwenye bomba la moshi." Mama hakusema neno, ila alikisogeza kigoda chake karibu zaidi.

Tano, hewa ya wizi. Kati ya kabureta na kichwa cha silinda kuna kiungo chenye mpira. Kwa jua, joto na mtikisiko wa barabara mpira huo hupasuka. Namna ya kuupima ni rahisi: washa injini, iache ingurume polepole, kisha nyunyiza maji ya sabuni kidogo kidogo kuzunguka kiungo hicho. Sauti ya injini ikibadilika, maji yamefyonzwa ndani, na mahali hapo ndipo penye ufa. Usitumie petroli kwa kipimo hiki hata ukimwona fundi akifanya hivyo. Injini moto na petroli ni moto wa nyumba. Tulipofikisha maji upande wa chini wa kiungo, injini ilikohoa na kutaka kuzima. Tulipoukunja mpira kwa vidole tukauona mpasuko uliojificha chini ya ukanda wa chuma, mahali ambapo hakuna fundi aliyetazama.

Sita, kabureta. Kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuitoa, tuliifungua kibakuli chake. Chini palikuwa na unga wa rangi ya kutu, na jeti ndogo ilipita mwanga kama ncha ya sindano iliyovunjika. Hapa nawasihi wasomaji: jeti haichokolewi kwa waya. Tundu lake limepimwa kiwandani, na waya ukilikwangua na kulipanua, hakuna wa kulirudisha. Loweka jeti katika petroli, ipulize kwa pampu, na ikibidi pitisha uzi mwembamba wa nailoni kama ule wa wavuvi wetu wa Masese. Ukitaka kuifungua skrubu ya mchanganyiko, kwanza ifunge taratibu hadi iguse huku ukihesabu mizunguko, uandike, ndipo uitoe, ili uweze kuirudisha pale pale.

Saba, valvu. Hizi zikiwa zimebana mno, injini ikipata moto huwa ngumu kuwaka na husita. Hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu katika mpigo wa kubana. Asiyejua kazi hii amwachie fundi mwaminifu, lakini amwulize amepata kipimo gani. Sisi hatukuhitaji kufika hatua hiyo.

Mpira mpya wa kiungo ulinunuliwa mjini kwa bei ambayo haikufika hata robo ya bei ya kabureta. Tuliufunga, tukasafisha plagi, tukaifunga choki. Kijana alipanda kilima cha Mpumudde na kurudi mara tatu bila injini kusita. Jina la kilima hiki kwa Kiganda lina maana ya "nimepumzika", na ndipo Mfalme Kabalega wa Bunyoro alipofariki tarehe 6 Aprili 1923, akiwa njiani kurudi kwao kutoka uhamishoni Shelisheli. Siku nyingi pikipiki ile nayo ilikuwa ikipumzika pale katikati ya mteremko; siku hiyo haikupumzika.

Lililonigusa zaidi ni jambo la mwisho. Mama aliinuka, akaingia ndani, akaleta chai vikombe vitatu, na kikombe cha kwanza akampa kijana. Akamwambia, "Mwanangu, nilikuwa nimekuhukumu." Kijana alikipokea kwa mikono miwili, akaitika, "Yamekwisha, Mama." Pikipiki haikuuzwa, na kijana hakuona mlango wa mahabusu.

TUPANDAPO MLIMA

Wenzetu wa upande wa Mbale wana la kuongezea. Uso wa Ziwa Victoria uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hapa kwetu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya kumi. Mtu akitoka Mbale akapanda Mlima Elgon kuelekea Kapchorwa, hewa huzidi kuwa nyepesi, lakini jeti za kabureta hazijui hilo; huendelea kutoa petroli ile ile. Mchanganyiko huwa mzito, plagi ikawa nyeusi, injini ikalegea. Askari anayehamishiwa huko na pikipiki yake asiharakishe kusema imekufa. Pengine inahitaji kurekebishwa kidogo tu kwa hewa ya mlimani, na akishuka tena airudishe ilivyokuwa, maana ikibaki hivyo huku chini itakosa petroli.

DAFTARI NI SHAHIDI

Namalizia kwa shauri linalowahusu wenye pikipiki na wale waliokabidhiwa. Nunueni daftari moja. Kila siku iandikwe petroli iliyotiwa na kilomita zilizokwenda. Ikiwa mwezi huu lita 2 zilikwenda kilomita 100, na mwezi ujao lita 2 hizo hizo zinakwenda kilomita 70, hapo hakuna haja ya ugomvi. Chombo kinaumwa, na kitafutiwe dawa. Mwendeshaji naye asifiche dalili kwa choki wala kwa ujanja mwingine, bali aseme siku ile ile inapoanza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na usafishaji wote ufanyike nje, mbali na sigiri na mbali na watoto. Petroli isiwekwe katika chupa ya soda wala ya maji, kwani mtoto mwenye kiu hasomi rangi.

Kwa hiyo, ndugu askari mlio mbali na nyumba zenu, na ninyi akina mama mnaozilinda, pikipiki ikisita msianze na jina la mtu. Anzeni na petroli, hewa na cheche. Aliye mwizi daftari litamtaja. Asiye mwizi litamwokoa.